Nyigu wa Tundu la Ufunguo

Naapa kwa macho yangu haya mawili, hata hili la kushoto linalotoa machozi bila kuombwa, kwamba habari hii ni kweli tupu kuanzia neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Sikuongeza kitu. Kama kuna mahali nimepunguza, ni kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa mnene mno, haukuingia kwenye karatasi.

Palikuwa na fundi cherehani mstaafu, mtanashati, kifua bado kimesimama, mwendo wa taratibu kama mtu anayepimwa suti. Watu walimwita Mzee Chumvi, maana hakuna habari iliyopita mdomoni mwake ikatoka bila kutiwa chumvi. Akinyeshewa na manyunyu njiani, akifika nyumbani alikuwa amevuka mafuriko akiwa na mtoto wa watu mgongoni. Uongo wake haukumdhuru mtu. Ulinogesha tu. Ndiyo sababu mwalimu mmoja kijana wa hesabu na binti wa duka la vitambaa walipopendana, wakaogopa mama zao, walikwenda kupiga hodi kwake.

"Babu, tunataka uwe mshenga wetu," binti alimwambia. "Wewe huwezi kushindwa na maneno."

Basi, nani akiambiwa hivyo atakataa?

Kikwazo kilikuwa kimoja. Mama wa binti alikuwa Mjaini, mama wa kijana Mbudha, dini mbili za kale kutoka Bara Hindi. Wote wajane, wote wapole kwa kuwatazama, na kila mmoja alikuwa amekwisha kusema kwamba mwanawe ataoa au kuolewa na wa kwao. Tena mama wa binti alikuwa na posa nyingine mkononi, ya Mjaini mwenzake kutoka mji wa mbali, na wale watu walikuwa wakisubiri jibu.

Mzee Chumvi alikwenda nyumba ya kwanza akaona, juu ya rafu, sanamu ya mtu aliyekaa amekunja miguu, mikono mapajani, hana haraka na mtu. Akaenda nyumba ya pili, akaona mtu amekaa, amekunja miguu, hana haraka na mtu. Akasema moyoni: kumbe ni bwana mmoja! Kwa uhakika zaidi akauliza maswali. Nyama mnakula? Hatuli. Kuua je? Hata mbu hatumpigi kofi. Mnamwomba nani aliyeumba dunia? Hatuna wa kumwomba, kila mtu na matendo yake. Na mtu akifa? Anazaliwa tena, na tena, mpaka siku atakapofunguka asirudi. Majibu yalikuwa mamoja nyumba zote mbili, na kote aliambiwa kwamba walimu wao waliishi zama moja na nchi moja, wakitembea vijiji vilevile miguu mitupu.

Basi akarudi kwa kila mama akamwambia, "Ni wa kwenu kabisa. Tofauti ni jina tu. Mmoja anasema Mahavira, mwingine anasema Budha, kama vile huyu anavyosema ndoo na yule anasema beseni."

Wakakubali kukutana. Siku yenyewe ndiyo ileile ambayo wale wa posa nyingine walitaka jibu ifikapo jioni.

Walikutana dukani kwa mama wa binti, mchana, duka limefungwa. Watoto walitumwa mjini ili wazee wazungumze. Mama wa binti akapendekeza wapande ghalani juu wachague kitambaa cha harusi. Ngazi zilikuwa nyembamba, simu wakaziacha chini kwenye kaunta zikichajiwa. Mama wa kijana alipanda na kikapu chake, kina zawadi ya mkwe. Mama wa binti alipanda na chupa yake ya maji.

Ghala lenyewe lilikuwa chumba cha bati juu, majora ya vitambaa mpaka darini, na kijidirisha chenye nondo kilichotazama ukuta wa jirani. Mlango ulikuwa wa chuma, wenye springi, unaojifunga wenyewe, hauna mpini kwa ndani. Siku zote ulizuiwa kwa jora zito la khaki. Mzee Chumvi, mtu wa vitambaa tangu ujana, alipoliona jora lile sakafuni roho ilimuuma.

"Khaki ya namna hii inawekwa chini? Hii haitengenezwi tena popote duniani!" Akaliinua.

Mlango ukajifunga. Taratibu, kwa adabu, halafu: kacha.

"Usihangaike, mzee wangu," mama wa binti akasema, akatoa ufunguo kiunoni. "Kitasa kinafunguka pande zote mbili."

Akautia ncha, ukagoma. Tundu la ndani lilikuwa halijaguswa miaka mingi, limezibwa na kitu. Mzee Chumvi akainama kuchungulia. Aliona udongo. Udongo mkavu tu, umejaa tundu zima kama ulimi. Hapo hapo, bila kufikiri, kama mtu anavyopiga chafya, ulimi wake mwenyewe ukafanya kazi yake.

"Loo! Nyigu! Kajenga humu, na watoto wake wamo. Nimewaona wanacheza, mmoja kanikodolea macho!"

Alisema vile kunogesha tu. Alitegemea watasema "maskini," halafu wafungue watoke. Badala yake mama wa binti alirudisha ufunguo kiunoni, akafunga fundo, akaketi juu ya jora.

"Basi hatufungui."

"Hatufungui," mama wa kijana akaitikia, naye akaketi. "Maskini watoto wa watu."

Wakatazamana wakatabasamu, wamefurahi kuonana wa namna moja. Mzee Chumvi akatabasamu nao, kisha tabasamu likamkauka midomoni. Ameona alipojitia. Akisema sasa kwamba hakuna nyigu, wataulizana: na lipi jingine alilotudanganya? Kutoka hapo mpaka kwenye ndoo na beseni ni hatua moja, na harusi imekufa. Asiposema, wakae humo wote. Na jioni ikifika mama hajarudi, binti ataonekana amekubali ile posa nyingine kwa kunyamaza. Huku ukuta, kule ukuta, na yeye katikati na mdomo wake.

Bati lilianza kulia juu yao, tak, tak, kwa joto. Hewa ilikuwa na harufu ya wanga wa vitambaa vipya na vumbi la pamba. Mzee akaenda dirishani akapiga kelele, "Jamani tumefungiwa! Njooni!" Chini akapita mchuuzi, akasimama, akasikiliza, akacheka.

"Ni Mzee Chumvi huyo. Jana alikuwa amefungiwa na simba."

Akaenda zake.

"Tupoze njaa basi," mama wa kijana akasema, akafungua kikapu. "Zawadi yenyewe ni ndogo, mkwe wangu. Viazi vya kuchemsha, na vitunguu nimevipitisha kwenye mafuta kidogo."

Mama wa binti alivuta pindo la nguo yake kama aliyeandaliwa nyoka.

"Viazi?"

"Havina nyama, dada. Nimepika mwenyewe."

"Vimetoka chini ya ardhi!"

"Ndiko viazi vinakotoka, dada yangu. Kwenu vinadondoka?"

"Kwetu havipandi mezani. Ukimng'oa kiazi umeua mmea mzima, na vidudu vyote vilivyokuwa vinakaa naye. Mzee! Mbona hukuniambia hawa wakwe wanakula viazi?"

Macho manne yakamgeukia.

"Hivyo... hivyo havikung'olewa," akasema. "Viliokotwa. Vilikuwa vimeshatoka vyenyewe nje."

"Kiazi kimetembea?" mama wa kijana akauliza. "Mbona nimevinunua sokoni?"

Mzee alijifanya anakagua upindo wa kitambaa. Miale ya jua iliyoingia dirishani ilikuwa imepanda kutoka sakafuni mpaka kwenye majora ya bluu. Mama wa binti aliitazama.

"Jua likizama, mimi sili wala sinywi mpaka kesho," akasema. "Mdudu wa gizani asije akaingia kinywani."

"Hata maji?" mama wa kijana akashtuka. "Sisi watawa wetu hawali baada ya adhuhuri, lakini mtu wa nyumbani kama wewe! Joto lote hili! Dada, mwalimu wetu alijaribu kujinyima mpaka akabaki mifupa, akaona siyo njia. Akasema tupite katikati, tusijaze tumbo, tusiliue."

"Mwalimu wetu alijinyima, akaona ndiyo njia."

"Lakini si ndiye yuleyule?"

"Sijui tena," mama wa binti akasema polepole. "Huyo wenu amevaa nguo?"

"Shuka la kitawa, bega moja wazi."

"Wetu hana hata uzi. Na ana alama kifuani. Mzee, wewe fundi wa nguo, hukuona kwamba mmoja amevaa na mwingine hakuvaa?"

"Nilidhani ni joto," Mzee Chumvi akasema.

Hakuna aliyecheka. Alisogea mpaka mgongo wake ukagusa mlango, na chuma kilikuwa cha moto. Alikuwa mtu wa mdomo maisha yake yote, na leo kila neno alilolitoa lilikuwa kama jora jingine linalowekwa juu yao, chumba kinazidi kuwa kidogo. Akawaza kijana wa hesabu, anayekokotoa kila kitu ila hili. Akamwaza binti alivyomshika mkono: wewe huwezi kushindwa na maneno.

Mama wa kijana alijaribu kutafuta mlango wa busara, kwa kuwa mlango wa chuma ulikataa.

"Kwetu, dada, kosa linapimwa kwa nia. Mtu akikanyaga sisimizi bila kujua, hana kosa la kuua. Nia ndiyo tendo. Angalia basi, sisi nia yetu ni kutoka, siyo kuua nyigu."

"Lakini unajua wamo."

Mama wa kijana akafikiri, akakubali kwa huzuni. "Kweli. Nikijua wamo nikasukuma ufunguo, hiyo ni nia tayari. Mzee, ungenyamaza! Tungefungua kwa kutojua, tukatoka safi."

"Wewe ungetoka safi," mama wa binti akasema. "Mimi hapana. Kwetu, kujua au kutojua, aliyekufa kafa. Doa linaganda rohoni kama vumbi kwenye nguo yenye mafuta. La kutojua ni jepesi, lakini ni doa. Ndiyo maana tunafagia kabla ya kukanyaga. Nyigu ana hisi nne na roho kamili, kama mimi na wewe."

"Hapo ndipo nisipokufuata," mama wa kijana akasema, kwa upole kabisa, akijipepea na kifuniko cha kikapu. "Roho hana. Hata wewe huna roho."

Mama wa binti akasimama.

"Mimi sina roho?"

"Huna, dada."

"Nimekufungulia duka langu, nakupa mwanangu, nakaa kwenye tanuri, halafu unaniambia mbele ya mshenga kwamba sina roho?"

"Si tusi! Hata mimi sina! Mwanangu hana! Hakuna kitu ndani kinachobaki kilekile, ni kama moto unaotoka utambi huu kwenda ule..."

"Familia nzima haina roho! Na ndiko aende mwanangu!" "Afadhali wale wa mbali. Nikitoka humu nawapigia simu, jibu ni ndiyo."

Mama wa kijana akafunga kikapu chake. "Basi iwe hivyo. Sikuja hapa kuomba."

Mzee Chumvi aliona jua limefika kwenye majora ya manjano, ya juu kabisa. Hakubakiza kitu cha kulinda. Akapiga magoti, akapasuka.

"Mama zangu, nisikilizeni. Hakuna nyigu. Sikumwona. Niliona udongo mtupu, nikasema hivyo kwa kunogesha. Na habari ya dini moja ni mimi niliyeisuka. Nilipoona zinafanana nikafunga macho kwa pale zisipofanana, kwa sababu watoto wale wanapendana na waliniamini. Watoto hawana kosa. Fungua, mama. Sukuma tu ufunguo."

Wakamtazama, halafu wakatazamana.

"Anasema hakuna ili tufungue," mama wa binti akasema.

"Ndivyo ninavyoona mimi," mama wa kijana akajibu. "Kwa ajili ya harusi huyu angesema hata mlango haupo."

"Naapa!"

"Umeapa mara nyingi, mzee. Hata viazi ulivitembeza."

Hapo ndipo wale wawili, kwa mara ya kwanza tangu viazi vifunuliwe, walipokubaliana moja kwa moja: kwamba mshenga ni mwongo. Na jambo la ajabu, kukubaliana kule kuliwapunguzia hasira. Mama wa binti alisogea mlangoni, akainama, akachungulia kwa muda mrefu.

"Udongo ukilowa, si unalainika? Tukiutoa mzima bila kuuvunja, atakayekuwemo atabaki salama."

"Maji yako wapi?"

Mama wa binti alitazama chupa yake. Ilikuwa na maji ya kuchemsha, machache chini. Hakuwa amekunywa tangu wapande, akiyawekea akiba muda wa mwisho kabla jua halijazama. Midomo yake ilikuwa imekauka inapasuka. Akafungua kizibo, akamkabidhi mwenzake.

Mama wa kijana hakuipokea mara moja. "Na wewe?"

"Mimi ni mkubwa. Najua kwamba ninasubiri. Huyo mdogo wa humo hajui."

Mzee Chumvi daima alikuwa na sindano kwenye kola, zikitembea naye kama medali. Akatoa iliyopinda, akachana ukanda wa pamba. Mama wa kijana alilowesha pamba ile tone kwa tone akaibandika kwenye udongo. Mzee akapitisha sindano pembeni, unywele kwa unywele, uzi ukifuata, mpaka ukazunguka kote. Jasho lilidondoka kutoka puani mwake na mama wa binti akaliwahi kwa pindo lake lisiangukie mle. Chumba kilikuwa kimeanza kuingia kijivu pembeni.

"Vuta," mama wa binti akanong'ona. "Kidogo. Kidogo, baba."

Kikatoka. Kijidonge cha udongo, kizima, kikalala kwenye kiganja cha mama wa kijana juu ya kitambaa laini. Ncha moja ilikuwa imechubuka, ikaacha kitundu. Mama wa binti akakisogeza kwenye mwanga uliobaki dirishani. Ndani kulikuwa na buu mweupe, mnene, akijinyonganyonga.

Mzee Chumvi akaketi sakafuni.

"Kumbe yumo!"

Wale mama wakageuka. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeona maiti ikipiga miayo, na sura ya namna ile haishoneki.

"Kumbe kweli ulikuwa umetudanganya!" mama wa kijana akasema.

"Lakini si yumo? Basi nilisema kweli!"

"Hukusema kweli. Ulipomtaja hukumjua. Nia yako ilikuwa uongo, basi ni uongo, hata kama wangekuwemo kumi."

Mama wa binti alikuwa bado anamtazama yule buu. "Mimi siwezi kusema haraka hivyo. Sisi tunafundishwa kwamba kila jambo lina pande nyingi. Kwa upande mmoja, amedanganya. Kwa upande mwingine, neno lake limeokoa uhai, kwa sababu ningesukuma ufunguo. Na kuna upande ambao hata sijui niuitaje."

"Na ile ya dini moja?"

Mama wa binti akamtazama mwenzake: kikapu begani, vidole vimejaa tope, na kiganja bado kimeinuliwa hivyo hivyo ili mtoto wa nyigu asitikisike.

"Dini si moja," akasema. "Kiazi hakitaingia chungu changu mpaka nife. Na roho ninayo."

"Sawa, dada. Baki nayo."

"Lakini mtu anayekubali kuokwa mchana kutwa kwa ajili ya buu, nitamwitaje mgeni?"

Ufunguo ukazunguka. Mlango ukafunguka, na hewa ya ngazini ikawapiga usoni kama maji. Chini walikuta watoto ndiyo kwanza wamerudi, wamesimama kwenye kaunta, binti ameshika simu ya mama yake inayolia, uso umemtoka rangi. Nje jua lilikuwa bado limeng'ang'ania paa la jirani. Mama wa binti kwanza alikunywa maji, kikombe kizima, bila kupumua. Kisha akaipokea simu.

"Jibu ni hapana," akawaambia wa mbali. "Samahanini sana. Mwanangu ameshapata kwao."

Kijana wa hesabu alilia kuliko binti. Kijidonge kikawekwa kwenye dirisha la duka, pasipopitwa na mtu.

Mshenga naye hakuachwa hivi hivi. Wakwe wale wawili walikaa kikao cha kwanza papo hapo, wakamhukumu: aende nyumba zote mbili, mbele ya ndugu wote, aseme kwa mdomo wake wapi zinafanana na wapi hazifanani, pamoja na habari ya nguo. Na tangu siku hiyo, kila akikamatwa anatia chumvi, atafagia ngazi za duka kwa ufagio laini wa mama wa binti, polepole, asimuumize hata sisimizi.

Mzee Chumvi alipokea hukumu ile kiume, kifua mbele, na tangu wakati huo hajawahi...

"Kifua kipi?"

Ni mke wangu. Amesimama nyuma ya kiti sijui tangu lini, miwani ipo puani.

"Mtanashati ni nani humu? Na mbona hukuandika kwamba mle ghalani ulilia ukamwita marehemu mama yako? Wakwe wote wawili walinihadithia."

"Karatasi ilikuwa ndogo, mke wangu."

"Simama, Mzee Chumvi. Ufagio uko dukani. Mwambie mwenye duka ni mimi niliyekukamata."

Basi wasomaji wangu, naiacha kalamu hapa. Ngazi zenyewe ni ndefu, na jua hili la leo limewatoa sisimizi maelfu kwa maelfu, wakubwa kama... Basi. Ni sisimizi tu. Wapo.